Zamu ya Kumi na Tano

Jumatatu, tarehe 16 Juni. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi. Ukungu ulitanda juu ya mapaa ya kitongoji cha Woodridge, na vioo vya magari vililowa umande. Watu walitoka nyumbani wamevaa soksi ndani ya kandambili.

Fuatino alikuwa jikoni akikoroga kakao. Mumewe, Setefano, alikaa mezani akipaka mkate siagi. Mama mkwe wake, Bibi Losa, alijifunika blanketi mpaka masikioni. Aliilalamikia baridi ya Australia kana kwamba Fuatino ndiye aliyeileta.

"Kule kwetu, kisiwani Savai'i," alisema Bibi Losa, "Juni ni mwezi wa binadamu."

Simu ya Fuatino ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mwalimu wake wa chuo cha jioni. Fuatino akausoma kwa sauti.

"Fuatino, nitumie jumla ya saa zako za mafunzo kwa vitendo kabla ya Ijumaa adhuhuri. Zisipungue mia moja na ishirini. Zikipungua, utasubiri mpaka mwakani."

Fuatino alikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa miaka mingi alisafisha ofisi za watu usiku. Mwaka uliopita alianza masomo ya jioni ili awe mtunza wazee. Kila siku alimwomba Mungu asisinzie darasani. Mungu alimsikia, kwa maana alisinzia mara mbili tu. Mitihani yote alifaulu. Zilibaki saa za kufanya kazi katika nyumba ya wazee, chini ya msimamizi. Akizimaliza, anapata cheti. Akipata cheti, nyumba ile ile ya wazee itamwajiri. Walikuwa wameshamwambia hivyo.

"Umefikisha saa ngapi?" Setefano aliuliza.

"Nitahesabu jioni."

"Mpaka leo hujui?"

"Setefano, nimesema nitahesabu jioni."

Jioni, baada ya sala na chakula, Fuatino alisimama mbele ya kalenda ya kanisa iliyotundikwa kando ya friji. Kila siku ya zamu alikuwa ameandika humo saa ya kufika na saa ya kutoka. Zamu zote zilifanana: 7.00 mpaka 3.45. Yaani saa moja asubuhi mpaka saa kumi kasorobo. Lakini kalenda hiyo ilikuwa na mambo mengine pia. Kulikuwa na mazoezi ya kwaya, siku ya kuzaliwa ya mchungaji, na usafi wa ukumbi. Hesabu za kazi zilibanwa katikati ya hayo yote.

Alifungua kikokotoo cha kawaida cha simu. Alipiga 3.45 kutoa 7.00. Jibu likaja na alama ya kutoa mbele yake.

"Kasoro tatu nukta hamsini na tano!" alisema. "Simu inasema ninaidai kazi au kazi inanidai mimi?"

Setefano akacheka. Fuatino hakucheka. Akahesabu kwa vidole. Kutoka saa moja asubuhi mpaka saa kumi kasorobo ni saa nane na dakika arobaini na tano. Akaandika 8.45. Akaijumlisha mara kumi na nne, kwa sababu zamu zilikuwa kumi na nne. Akapata 118.3. Akarudia. Akapata 109.85. Akarudia tena, Bibi Losa akamuuliza dawa yake ya mgongo iko wapi, hesabu yote ikamtoka.

"Mama, iko palepale ilipokuwa jana!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Mimi sikukutuma kusoma uzeeni."

Setefano akasukuma kiti. Yeye alikuwa shemasi, na kila Jumapili alihesabu sadaka mbele ya wazee wa kanisa. Katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kubishana naye kuhusu hesabu.

"Lete hapa," alisema. "Saa nane na dakika arobaini na tano ni kama saa tisa. Tisa mara kumi na nne ni mia moja ishirini na sita. Umemaliza, tena umezidisha."

"Una uhakika?"

"Fuatino, mimi nahesabu fedha za Bwana."

Fuatino alitaka sana kuamini. Basi akaamini. Tena wiki hiyo ilikuwa ngumu. Alhamisi jioni walitarajia wageni, kwaya ya ndugu zao kutoka Auckland. Wageni kumi wangelala sebuleni kwao. Fuatino ndiye aliyepangiwa tambi za nyama, vikombe, mikeka na mashuka. Zamu yake ya Alhamisi ilimkaa shingoni.

Jumanne alimwendea msimamizi wake, Bronwyn, mwanamke mrefu mwenye miwani kichwani.

"Nimemaliza saa zangu," alisema. "Zamu ya Alhamisi mpe mwenzangu."

"Umehesabu vizuri?"

"Amehesabu mume wangu."

Bronwyn alimtazama kidogo, kisha akampa zamu hiyo mwanafunzi mwingine.

Jumatano jioni jirani yao Seini aligonga mlango. Alikuwa Mtonga, mtu wa visiwani kama wao, dereva wa basi la mjini. Alikuwa bado na sare yake. Mikononi alibeba kapu la magimbi kwa ajili ya wageni.

"Nimeleta magimbi," alisema. "Nimesikia Wasamoa wanakuja kumi, nikajua mtakufa njaa."

"Afadhali sisi tunahesabu wageni," alijibu Setefano. "Watonga hukaribisha kumi, wakaja arobaini."

"Na wote wanashiba, shemeji. Hiyo ndiyo tofauti yetu na ninyi."

Fuatino alikuwa akimwandikia mwalimu wake ujumbe. Alimwambia Seini kwa furaha kwamba saa zake zimefika mia moja ishirini na sita.

Seini akaweka kapu chini. "Umehesabu na nini?"

"Na Setefano."

"Nimekuuliza na nini, sijakuuliza na nani."

Setefano akajibu mwenyewe. "Na kichwa."

"Shemeji, mimi nikizidisha saa za kuendesha nasimamishwa. Nikikosa saa za kupumzika nasimamishwa pia. Kichwa changu ni kizuri, lakini kazini hakiaminiwi. Fuatino, leta simu."

Seini akafungua mtandao na kuandika maneno matatu tu: kikokotoo, saa, kazi. Ukurasa mdogo ukafunguka. Ulikuwa na nafasi ya saa ya kuanza, nafasi ya saa ya kumaliza, na nafasi ya mapumziko. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kuhesabu.

"Wanataka fedha?" Bibi Losa aliuliza toka chini ya blanketi.

"Hapana, Mama. Ukurasa wa namna hii ni bure. Hauhitaji jina lako wala nywila. Ukiona unakuuliza namba ya benki, funga ukimbie. Fuatino, nisomee zamu ya kwanza."

"Kuanza saba kamili. Kumaliza tatu na arobaini na tano."

Seini aliandika. Ukurasa ukatoa jibu la ajabu. Setefano akapiga kofi mezani.

"Unaona! Hata mashine yenyewe imeshindwa!"

"Haijashindwa. Sijaiambia kwamba tatu hii ni ya mchana. Yenyewe inadhani ni ya alfajiri." Seini akagusa sehemu ya asubuhi na mchana, akachagua mchana. "Hapo. Nane na arobaini na tano. Mara kumi na nne, saa mia moja ishirini na mbili na nusu."

"Imevuka mia moja na ishirini," alisema Setefano. "Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema, lakini sijamaliza. Fuatino, hapa nimeacha nafasi ya mapumziko wazi. Ulikuwa unapumzika?"

"Nilikuwa nasaini nusu saa. Lakini sikupumzika hata kidogo! Kuna mzee wetu pale, Mzee Tavita. Hali mpaka alishwe. Mimi nitatafunaje mkate mbele ya mzee ambaye hajala? Kwa hiyo nilimlisha kwanza. Kila siku."

"Ulimwambia msimamizi?"

"Nimwambie nini? Kwamba nina adabu?"

"Umwambie ulikuwa kazini! Ulisaini mapumziko?"

"Nilisaini."

"Basi ni mapumziko. Chuo kitasoma saini, adabu yako hakitaisoma." Seini akaandika dakika thelathini. Jibu likashuka. "Nane na robo. Jumla mia moja na kumi na tano na nusu."

Fuatino akavuta kiti akakaa.

"Haiwezekani. Bonyeza tena."

"Nikibonyeza mara mia itasema hivyo hivyo. Na kuna jambo jingine linanisumbua. Mimi napita pale na basi. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja na robo. Kwa nini umeandika saa moja kamili?"

"Kwa sababu saa moja kamili tunafika. Sisi watu wa visiwani tunakutana chumba cha wafanyakazi, tunaimba wimbo mmoja, tunaomba. Kisha ndiyo tunasaini na kuanza."

"Kwa hiyo umehesabu sala."

"Tunawaombea wazee walewale!"

Bibi Losa akatoa kichwa nje ya blanketi. "Sala ni kazi kubwa kuliko zote. Ihesabiwe."

"Ni kazi, Mama," alisema Seini kwa upole. "Ila si ya chuo. Mungu anaihesabu mwenyewe, na hahitaji Fuatino amsaidie kwa kuiandika mahali pengine."

Akabadilisha saa ya kuanza. Fuatino alitazama kidole kile kama mtu anayetazama daktari akichoma sindano. Jibu likawa saa nane kamili. Mara kumi na nne.

"Mia moja na kumi na mbili," alisema Seini. "Umepungukiwa saa nane. Zamu moja."

Fuatino akaweka mikono kichwani. "Zamu moja! Ile ya kesho! Niliyoigawa kama pipi!"

Setefano akanyakua simu. "Hebu. Lazima kuna kosa." Akagusa hapa, akagusa pale, ukurasa ukafungwa. Alipoufungua tena, nafasi zote zilikuwa tupu.

"Umefuta!"

"Sijafuta. Imejifuta."

"Ukurasa huu hautunzi kitu," alisema Seini. "Ukiufunga, hesabu inapotea. Ndiyo maana ukipata jibu unaliandika papo hapo, au unapiga picha ya kioo cha simu. Usijali, tutarudia. Tena ni vizuri. Safari hii Fuatino aandike mwenyewe, nami nitazame."

Fuatino aliandika mwenyewe. Alikosea mara moja, akasahau kuchagua mchana, akasonya, akarekebisha. Jibu likatoka lilelile. Chini yake aliona namba mbili. Moja ilikuwa 8:00. Nyingine ilikuwa 8.00.

"Kwa nini mara mbili?"

"Jaribu kuondoa mapumziko, ukianza saa moja kamili kama mwanzo, uone."

Akaondoa. Namba zikawa 8:45 na 8.75.

"Hii yenye nukta mbili ni saa na dakika," alisema Seini. "Hii yenye nukta moja ni saa na sehemu ya saa. Dakika arobaini na tano ni robo tatu ya saa, ndiyo hiyo sabini na tano. Saa ina dakika sitini, haina mia. Wewe uliandika nane nukta arobaini na tano ukaijumlisha kama fedha. Ndiyo maana kila ulipojumlisha ulipotea."

"Na mimi?" Setefano aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wewe, shemeji, ulijumlisha kama mtu mwenye haraka ya kula."

Fuatino hakuwasikiliza tena. Alikuwa ameshampigia Bronwyn. Walimwona akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, na kurudi.

"Ndiyo... Ndiyo, nimekosea... Hapana, mume wangu amekosea, lakini niliyekuja kwako ni mimi... Asubuhi haipo kabisa?... Ya jioni?" Akasimama. "Kuanzia saa tisa kasorobo mchana mpaka saa tano na robo usiku. Subiri kidogo." Akashusha simu, akaandika saa hizo katika ukurasa, akaweka mapumziko ya nusu saa. Saa nane kamili. Akainua simu. "Naichukua. Asante. Asante sana."

Alipokata simu, Setefano alikuwa amesimama.

"Kesho jioni? Wageni wanafika saa kumi na moja!"

"Najua wanafika saa ngapi."

"Kina mama wote wamekutegemea wewe. Watauliza mke wa shemasi yuko wapi."

"Waambie yuko kazini."

"Fuatino, ni aibu. Wageni wametoka ng'ambo ya bahari, mwenye nyumba hayupo mlangoni? Mwakani si mbali."

Fuatino akamtazama. Machozi yalimjaa, lakini yalikuwa ya hasira.

"Mwakani si mbali kwako wewe! Mwaka mzima nimesoma kwenye basi. Nimesoma chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee nyumba hii hainiiti. Kila nikiwa na zamu kuna mkeka wa kutandika, kuna kwaya, kuna dawa ya mgongo. Niliigawa zamu ya kesho kwa sababu ya mashuka, Setefano! Na kwa sababu uliniambia tisa!"

Seini aliinama akapanga magimbi ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

Mwishowe Bibi Losa akakohoa. "Setefano. Mkono wako umevunjika?"

"Hapana, Mama."

"Hujui kutandika mkeka? Mimi nilikufundisha kupika kwenye mawe ya moto ukiwa na miaka saba. Tambi zitakushinda? Mwache mke wako aende. Wageni wakimtaka, nitawaambia mimi. Mimi ndiye mwenye nyumba mzee kuliko wote."

"Nami nitashika vikombe," alisema Seini. "Ila msiniambie niimbe. Sitaki kuwaaibisha."

Alhamisi mchana Fuatino alifika kazini mapema. Akasali peke yake ndani ya gari la Setefano. Hakuiandika sala hiyo popote. Akasaini kuingia saa tisa kasorobo. Kabla ya chakula cha jioni alimwendea Bronwyn.

"Nataka kumlisha Mzee Tavita," alisema. "Nikimlisha, nakuwa kazini. Nipangie mapumziko yangu baadaye, akishakula."

Bronwyn akashusha miwani. "Siku zote hizo ulikuwa unamlisha kwenye mapumziko yako?"

"Ndiyo."

"Fuatino! Kwa nini hukusema?"

"Sikujua kama ni jambo la kusema."

Bronwyn akatikisa kichwa. Alisema zile za nyuma hawezi kuzibadilisha, kwa kuwa saini zimeshawekwa. Lakini akapanga upya mapumziko ya jioni hiyo. Fuatino akamlisha mzee bila haraka. Baadaye akaenda kula mkate wake, kwa mara ya kwanza akiwa amekaa.

Alipotoka alisaini, akaketi garini, na kabla ya kuwasha injini akafungua ukurasa. Kuanza, kumaliza, mapumziko. Akaangalia mara mbili kama amechagua mchana na usiku sawasawa. Saa nane kamili. Akapiga picha ya kioo cha simu. Kisha akajumlisha na zile mia moja na kumi na mbili.

Ijumaa asubuhi Bronwyn alizilinganisha saa hizo na saini zote, akakuta zinalingana, akaweka jina lake, na Fuatino akaituma jumla kwa mwalimu. Kabla ya adhuhuri mwalimu alijibu kwa maneno machache: "Mia moja na ishirini. Zimetosha. Hongera, Fuatino. Cheti chako kinaandaliwa."

Fuatino aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama katikati ya sebule, amezungukwa na miguu ya wageni waliolala. Mmoja wao, mama mnene wa sauti ya chini, akafungua jicho.

"Wewe ndiye mke wa shemasi? Jana tulikula tambi zilizoshikamana kama godoro."

"Samahani sana, dada."

"Usiombe samahani. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Mumeo alikuwa amevaa aproni yenye maua."

Jioni ya Ijumaa watu wote walikaa mikekani kwa sala. Kwaya ya Auckland iliimba. Seini alikuwepo karibu na mlango, akidai kwamba amekuja kuchukua kapu lake tu. Bibi Losa alimshukuru Mungu kwa safari njema, kwa chakula, na kwa cheti cha mkwe wake. Akaongeza shukrani kwa ajili ya Watonga, kwa sauti ndogo kidogo.

Kabla ya kusema amina, Setefano aliinua mkono. Alisimama. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nina neno," alisema. "Nilihesabu saa za mke wangu kwa haraka, naye nusura apoteze mwaka. Tena nilitaka abaki nyumbani ili nisione aibu mbele yenu. Sasa nasema mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu, mbele yenu wageni, na mbele ya huyu Mtonga ambaye atanikumbusha mpaka nife. Kuanzia leo, siku ya zamu ya Fuatino, mtu yeyote mwenye mkeka, shuka, kwaya au dawa ya mgongo atakuja kwangu. Hataenda kwake. Na saa zake atahesabu mwenyewe, mimi sitatia mdomo. Semeni amina kwa nguvu, nisije nikarudi nyuma."